Mwongozo kamili: Jinsi ya kulinganisha vifo na majeruhi wa kazini kati ya nchi za Ulaya

Fungua takwimu za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, uangalie ajali za kazini za mwaka 2018. Ufaransa ina majeruhi zaidi ya 3,000 kwa kila wafanyakazi 100,000. Romania haifiki hata 100. Sasa shuka kwenye jedwali la vifo: Romania ndiyo inayoongoza Umoja mzima, vifo zaidi ya 4 kwa kila wafanyakazi 100,000.

Ukizipokea takwimu hizo kama zilivyo, unalazimika kuamini kwamba kuna nchi ambako mfanyakazi akipata ajali ama anakufa ama hapati hata mchubuko. Haiwezekani. Palipo na watu wengi wanaoanguka na kufa, lazima pawe na wengi zaidi walioanguka wakavunjika mguu, waliokatwa vidole na mashine, waliogongwa na mizigo ghalani. Watu hao wapo Romania. Hawamo kwenye daftari tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nchi gani ni salama zaidi, uliza kwanza ni nani aliyehesabiwa. Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa usalama na afya mahali pa kazi, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na hata kwa ndugu aliyeitwa kazi ya ghala Rotterdam au ya ujenzi Warszawa na anataka kujua anakokwenda. Unahitaji kompyuta yenye programu ya majedwali, intaneti, na subira ya kusoma maelezo madogo yaliyo chini ya jedwali. Hayo maelezo madogo ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

“Nchi gani ina ajali nyingi?” si swali. “Je, fundi wa ujenzi ana hatari kubwa zaidi ya kufa kazini Uhispania kuliko Ujerumani?” hilo ni swali, kwa sababu limetaja kazi, limetaja tukio na limetaja nchi. Ongeza na kipindi, kwa mfano miaka mitano ya karibuni. Ukishaliandika, libandike juu ya jedwali lako. Kila utakapovutiwa na tarakimu nyingine, rudi ulisome.

Hatua ya 2: Anza na vifo, majeruhi waje baadaye

Kifo ni kigumu kukificha. Kuna maiti, kuna familia, kuna polisi na cheti cha daktari. Jeraha linafichika kirahisi mno: mwajiri humwambia mfanyakazi asubiri nyumbani siku chache kwa mshahara uleule, au daktari huandika kwamba mgonjwa aliteleza bafuni kwake, au kibarua asiye na mkataba huona bora anyamaze kuliko kupoteza kazi.

Tofauti kubwa ya majeruhi kati ya nchi na nchi inatokana na swali moja: mtu akiripoti, anapata nini?

Ufaransa, aliyeumia kazini hutibiwa bila kutoa pesa mfukoni, na posho yake ya kila siku ni kubwa kuliko ya mtu aliyeugua ugonjwa wa kawaida. Mfanyakazi ana kila sababu ya kuhakikisha ajali yake imeandikwa. Ujerumani nayo ina bima ya ajali tangu sheria ya mwaka 1884, enzi ya Bismarck, inayoendeshwa na mashirika ya bima ya kila sekta na kulipiwa na waajiri. Bima hiyo haimlipi mtu ambaye ajali yake haikuripotiwa, kwa hiyo ripoti zinafika.

Uholanzi ni kinyume chake. Tangu mwaka 1967 nchi hiyo iliondoa tofauti kati ya mtu aliyeumia kazini na aliyeumia nyumbani. Wote wanahudumiwa na mfumo mmoja wa ulemavu na ugonjwa. Kwa mgonjwa ni utaratibu wa haki kabisa, lakini kwa anayetafuta takwimu ni pigo, maana hakuna malipo yanayotegemea ajali kuandikwa kuwa ya kazini. Uingereza pia haikuegemea bima. Inategemea mwajiri atimize wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa kwa mamlaka.

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshaona jambo hili kwa macho yake chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007, WIBA: ajali inayoripotiwa ni ile ambayo kuna mtu anayefuatilia malipo yake. Ulaya haina tofauti na sisi katika hilo.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka Uingereza, kwa sababu wenyewe wanahesabu kwa njia mbili na kuchapisha zote. Katika mwaka wa 2023/24, waajiri waliripoti majeruhi 61,663. Utafiti wa nguvukazi, ambao huwauliza wafanyakazi wenyewe, ulikadiria majeruhi 604,000 katika kipindi hichohicho. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezeka: waajiri wanatakiwa kuripoti majeraha makubwa yaliyoorodheshwa na yale yanayomweka mtu nje ya kazi zaidi ya siku 7, ilhali utafiti unapokea hata jeraha dogo. Lakini mamlaka yenyewe ya Uingereza inakubali kwamba hata katika yale yanayopaswa kuripotiwa, sehemu kubwa haifiki. Nchi ni moja, mwaka ni mmoja, na tarakimu zimepishana karibu mara kumi. Fikiria basi mtu anayechukua namba ya kwanza kutoka nchi moja na namba ya pili kutoka nchi nyingine akasema amelinganisha.

Hatua ya 3: Chota takwimu zote kisima kimoja

Usichukue vifo vya Italia kwenye gazeti la Italia na vya Uswidi kwenye tovuti ya Uswidi. Nenda Eurostat, kwenye mfumo wa takwimu za ajali za kazini Ulaya unaoitwa ESAW, ambao umewekewa ufafanuzi wa pamoja na kanuni za Umoja wa Ulaya, namba 1338/2008 na 349/2011. Norway na Uswisi nazo hupeleka takwimu zao huko.

Ufafanuzi wa ESAW ukariri:

- Ajali isiyo ya kifo huhesabiwa ikiwa mtu amekosa kazi zaidi ya siku 3, yaani kuanzia siku 4 kamili za kalenda. Aliyepewa na daktari mapumziko ya siku mbili, ile wanayoiita ED kwa Tanzania, hayumo.
- Ajali ya kifo ni ile iliyomuua mtu ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ajali.
- Ajali ya njiani, kutoka nyumbani kwenda kazini au kurudi, haihesabiwi. Ajali ya barabarani ukiwa kazini, kama dereva wa lori au mtu wa mauzo, inahesabiwa.
- Ugonjwa unaotokana na kazi haumo.

Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Eurostat andika hsw_n2_02 upate vifo kwa sekta, na hsw_n2_01 upate majeruhi. Eurostat pia ina viwango vya vifo ambavyo tayari vimesawazishwa. Tutaeleza maana yake mbele. Pakua idadi na kiwango, vyote viwili. Wengi hupakua kiwango peke yake, halafu wakifika hatua ya 7 wanakwama.

Angalia pia herufi ndogo zilizo kando ya tarakimu. Herufi b maana yake mfululizo umekatika: njia ya kuhesabu ilibadilika mwaka huo, kwa hiyo usilinganishe kabla na baada. Herufi p ni takwimu za muda, e ni makadirio, na nukta mbili (:) peke yake ni kwamba hakuna takwimu. Usiigeuze nukta mbili kuwa sifuri. Programu ya majedwali ikiachwa ijiamulie inaweza kukufanyia hivyo, na nchi nzima itaonekana haina kifo hata kimoja.

Tarajia kuchelewa kwa takriban miaka miwili. Picha ya jumla ya mwaka 2022 ni hii: vifo 3,286 katika nchi 27 za Umoja, sawa na vifo 1.66 kwa kila wafanyakazi 100,000, na majeruhi takriban milioni 2.97. Takriban theluthi mbili ya majeruhi ni wanaume, na kwa waliokufa wanaume ni zaidi ya 9 kati ya kila 10. Kifo kimoja kati ya vitano na zaidi kidogo kilitokea kwenye ujenzi.

Hatua ya 4: Chunguza nani ameingizwa na nani ameachwa

Hapa ndipo makala nyingi za “nchi hatari zaidi Ulaya” zinapoharibika. Ufafanuzi wa pamoja upo, lakini mabomba yanayoleta maji kisimani ni ya kila nchi. Pitia maeneo matano yafuatayo kwa kila nchi uliyoichagua, na uandike jibu kwenye safu ya pembeni.

*Safari ya kwenda kazini.* Italia ni mfano mzuri. Shirika lake la bima, INAIL, lilipokea taarifa za vifo 1,090 mwaka 2022, na magazeti yakaandika hivyo: wafu zaidi ya elfu moja. Ndani ya hizo, 790 vilitokea kazini na 300 njiani. Ukitaka kulinganisha na jirani kwa kipimo cha ESAW, ile 300 inatoka. Tena 1,090 ni taarifa zilizopokelewa, si zote zilizokubaliwa baada ya uchunguzi. Siwabezi waliokufa njiani. Mtu aliyekufa saa kumi na moja alfajiri akiwahi zamu amekufa kwa ajili ya kazi. Nasema tu kwamba hauwezi kumweka upande mmoja wa mizani na kumwondoa upande wa pili.

*Barabara.* Uingereza huacha nje ya takwimu zake vifo vya barabara za umma, hata kama marehemu alikuwa dereva aliye kazini. Hivyo unaposoma kwamba mwaka 2023/24 walikufa wafanyakazi 138, sawa na takriban 0.4 kwa kila 100,000, usikimbilie kuiweka kando ya kiwango cha Umoja wa Ulaya na kusema Uingereza ni salama mara nne. Upande mmoja una madereva wa malori, mwingine hauna. Tena namba hiyo ni ya England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka yake. Suluhisho ninalolipenda ni kuachana na jumla na kulinganisha sekta ambayo barabara haiigusi sana. Ujenzi unafaa: katika wale 138, waliokufa kwenye ujenzi walikuwa 51.

*Kifo cha ghafla kazini.* Mtu wa miaka 55 anaanguka na kufa kwa moyo akiwa kwenye mashine yake. Ni ajali ya kazi? Sheria ya Ufaransa inaanza kwa kudhani kwamba kilichompata mtu akiwa kazini kimetokana na kazi, na anayepinga ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mwaka 2022 bima ya Ufaransa ilihesabu vifo 738, na zaidi ya nusu vilikuwa vya namna hii. Nchi nyingine nyingi wangezikwa kama wagonjwa wa moyo. Angalia pia kilichotokea mwaka 2019: idadi ya bima hiyo iliruka kutoka 551 hadi 733 kwa mwaka mmoja, na kilichobadilika zaidi ni namna ya kushughulikia mafaili ya vifo vya ghafla. Aliyeandika kwamba viwanda vya Ufaransa viligeuka machinjio mwaka huo alisoma namba bila kusoma maelezo. Mimi naona msimamo wa Wafaransa ni sahihi kwa mjane na yatima. Lakini kwenye ulinganisho, lazima uutaje.

*Waliojiajiri na wakulima.* Poland ina bima ya wakulima ya peke yake, na taarifa ya ajali inayotolewa na ofisi yake ya takwimu huacha nje mashamba ya watu binafsi. Ireland huwahesabu wakulima waliojiajiri, wengi wao wazee wanaoendelea kuendesha trekta na kuhudumia ng’ombe, na kilimo hubeba sehemu kubwa sana ya vifo vyake vyote ingawa kinaajiri watu wachache. Ukichukua ripoti mbili za kitaifa ukazilinganisha, Ireland itaonekana inaua na Poland inatunza. Hali halisi ni kwamba mkulima wa Ireland ameandikwa, na wa Poland yuko kwenye daftari la ofisi nyingine. Swali hili litazidi kuwa gumu, maana hata wapeleka vyakula kwa baiskeli na mafundi wengi wa ujenzi sasa wanasajiliwa kama waliojiajiri.

*Korona.* Italia iliamua Machi 2020 kwamba mfanyakazi aliyeambukizwa kazini amepata ajali, si ugonjwa wa kawaida. Wauguzi na madaktari waliokufa wakaingia kwenye takwimu za ajali. Nchi nyingine hazikufanya hivyo, au zilifanya kwa baadhi tu. Kama swali lako halihusu korona, ruka miaka ya 2020 na 2021.

Ongeza jambo la sita kama una Ujerumani kwenye orodha: huko kifo huhesabiwa kikitokea ndani ya siku 30 tangu ajali, si mwaka mzima. Wengi wanaokufa kwa ajali hufa mapema, kwa hiyo tofauti si kubwa, lakini inaelekea upande mmoja, wa kupunguza.

Hatua ya 5: Kagua namba ya kugawanyia

Kiwango ni vifo, gawanya kwa wafanyakazi, zidisha kwa 100,000. Watu huchunguza vifo na kusahau wafanyakazi.

Luxembourg inafundisha vizuri. Wakazi wake walio kazini ni kama 300,000. Lakini kila asubuhi zaidi ya watu 200,000 huvuka mpaka kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kuja kufanya kazi humo. Tuseme wamekufa watu 15 kwa mwaka. Ukigawanya kwa wakazi peke yao unapata 5.0, juu kabisa ya orodha ya vifo. Ukigawanya kwa wote 500,000 unapata 3.0. Watu ni walewale 15. Ukiona Luxembourg juu ya orodha ya vifo, na imewahi kukaa huko, kagua kwanza kigawanyo.

Jambo la pili ni saa za kazi. Uholanzi inaongoza Ulaya kwa kazi za muda mfupi: mwaka 2023 wastani wa wiki ulikuwa saa 32.2, wakati Ugiriki ulikuwa saa 39.8. Kama nchi zote mbili zingekuwa na kiwango kimoja cha vifo kwa kila wafanyakazi 100,000, basi kwa kila saa ya kazi Mholanzi angekuwa kwenye hatari zaidi kwa asilimia 24 hivi, kwa sababu 39.8 gawanya kwa 32.2 ni 1.24. Shirika la Kazi Duniani, katika azimio la watakwimu la mwaka 1998, lilishaeleza kwamba saa zilizofanyiwa kazi ni kigawanyo bora pale zinapopatikana. Zitafute, Eurostat inazo.

Hatua ya 6: Sawazisha sekta

Nchi yenye wavuvi, wakata miti na mafundi ujenzi wengi itakuwa na vifo vingi kuliko nchi ya mabenki, hata kama kila boti na kila jukwaa la ujenzi linakaguliwa vizuri. Kusawazisha ni kuuliza: kama nchi zote zingekuwa na mchanganyiko mmoja wa kazi, vifo vingekuwaje?

Tufanye hesabu ya kubuni. Nchi A ina wafanyakazi milioni 1. Kati yao 300,000 wako kwenye kazi za hatari, wamekufa 18. Waliobaki 700,000, wamekufa 7. Jumla 25, kiwango 2.5. Nchi B nayo ina milioni 1. Wa kazi za hatari ni 100,000, wamekufa 8. Waliobaki 900,000, wamekufa 12. Jumla 20, kiwango 2.0.

Kwa jumla, B ni salama zaidi. Sasa ingia ndani. Kazi za hatari: A ni 6 kwa 100,000, B ni 8. Kazi nyingine: A ni 1.0, B ni 1.33. B ni mbaya zaidi kila mahali! Imeokolewa na wingi wa watu wanaokaa mezani.

Chagua mizani moja kwa wote, tuseme asilimia 20 kazi za hatari na 80 nyingine. A: 0.2 × 6 + 0.8 × 1.0 = 2.0. B: 0.2 × 8 + 0.8 × 1.33 = 2.66. Nafasi zimegeuka.

Eurostat hufanya hivi kwa sekta 13 zilizochaguliwa, kilimo pamoja na zile za C hadi N katika mpangilio wa shughuli za uchumi, kwa kutumia mchanganyiko wa Umoja mzima kama mizani. Ndivyo viwango vilivyosawazishwa tulivyovitaja katika hatua ya 3. Vitumie, lakini elewa mipaka yake. Ndani ya “usafirishaji” kuna karani wa bandari na kuna dereva wa masafa marefu. Lithuania, ambayo huwa juu kwenye orodha za vifo, ina kampuni nyingi mno za malori kulingana na ukubwa wake, na madereva wake huishi barabarani wakizunguka Ulaya Magharibi. Usawazishaji wa sekta 13 hauioni tofauti hiyo.

Hatua ya 7: Unganisha miaka, hasa kwa nchi ndogo

Tuseme Malta ina wafanyakazi 300,000. Wakifa 12, kiwango ni 4.0. Wakifa 6 mwaka unaofuata, ni 2.0. Mwandishi atatangaza kwamba usalama umeongezeka maradufu. Huenda hakuna kilichobadilika ila bahati.

Kuna kanuni nyepesi: chukua idadi ya vifo, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2, kisha toa na ujumlishe. Kwa vifo 100, kipeuo ni 10, kwa hiyo hali halisi inaweza kuwa popote kati ya 80 na 120. Kwa vifo 10 kanuni hii inayumba, na hesabu kamili inatoa kati ya 5 na 18. Yaani nchi iliyoandika vifo 10 na nyingine ya ukubwa uleule iliyoandika 16 huwezi kuzitofautisha kwa mwaka mmoja.

Ndiyo maana nilisisitiza upakue idadi. Jumlisha vifo vya miaka mitano, jumlisha wafanyakazi wa miaka hiyo mitano, ndipo ugawanye. Usichukue wastani wa viwango vitano. Si kosa kubwa, lakini njia ya kwanza ni safi zaidi. Ajali moja kubwa nayo huyumbisha hata nchi kubwa kwenye sekta moja: mlipuko wa kituo cha umeme wa maji cha Suviana, Italia, Aprili 2024, uliua watu 7 kwa siku moja.

Hatua ya 8: Sasa waite majeruhi, kama mashahidi

Gawanya majeruhi kwa vifo. Kwa Umoja mzima mwaka 2022, milioni 2.97 kwa 3,286 inatoa majeruhi takriban 900 kwa kila kifo. Fanya hivyo kwa kila nchi. Romania ya 2018 inatoka na chini ya 25. Bulgaria nayo iko kwenye kundi hilo la majeruhi wasiofika 100 kwa 100,000.

Uwiano mdogo sana usiusome kama hatari ya ajabu. Usome kama kipimo cha ukimya. Unakuonyesha pale ambapo mtu aliyeumia ameona hakuna faida ya kusema, au kuna hasara. Kwangu mimi hii ndiyo tarakimu nzito kuliko zote katika zoezi hili, kwa sababu nyuma yake kuna watu ambao hawakulipwa fidia, na mashine ambazo hazikuwekewa kinga kwa kuwa hakuna mkaguzi aliyejua kwamba zimeshakata mtu.

Uwiano mkubwa sana nao uchunguze. Unaweza kumaanisha majeruhi wanaandikwa vizuri, au vifo vya barabarani vimeachwa.

Kisha tafuta shahidi wa pili. Utafiti wa nguvukazi wa Umoja wa Ulaya uliwauliza wafanyakazi wenyewe kuhusu ajali miaka ya 2007, 2013 na 2020. Mwaka 2020, watu 2.4 kati ya kila 100 walisema wamepata ajali kazini ndani ya miezi 12. Finland iliongoza, kama 10 kati ya 100. Finland hiyohiyo ina kiwango cha vifo kilicho chini ya wastani wa Umoja. Mfini anayeulizwa na mtafiti anataja hata kidole alichobana, kwa sababu haogopi. Hata utafiti, basi, unapima kwa sehemu uhuru wa kusema.

Na yote haya hayajagusa magonjwa. Uingereza peke yake, saratani ya utando wa mapafu inayosababishwa na asbesto huua zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka, wengi wao mafundi wa miaka ya zamani, kulinganisha na wale 138 wa ajali. Kama swali lako la hatua ya kwanza lilikuwa “kazi inaua wangapi,” jedwali la ajali halitakujibu.

Hatua ya 9: Andika matokeo yako kwa uaminifu

Usitoe orodha ya namba 1 hadi 27. Panga nchi kwa makundi matatu: zilizo chini ya wastani kwa tofauti inayozidi bahati, zilizo karibu na wastani, na zilizo juu. Ndani ya kundi, zipange kwa alfabeti. Nchi ambazo hukuweza kuhakikisha barabara au waliojiajiri ziweke pembeni na useme kwa nini.

Sentensi ya matokeo ibebe masharti yake yenyewe, kwa namna hii: “Katika sekta ya ujenzi, kwa miaka mitano isiyohusisha 2020 na 2021, bila ajali za njiani, kiwango cha vifo cha nchi hii kilikuwa kati ya hiki na kile kwa kila wafanyakazi 100,000, majeruhi hatukuwalinganisha kwa sababu uwiano wa majeruhi kwa kifo uko chini mno kuaminika.” Ni ndefu, na mhariri atataka kuifupisha. Mkubalie apunguze maneno, lakini masharti hayo manne yabaki.

Kama unayemwandikia ni ndugu anayekwenda kufanya kazi huko, mwongezee mambo ambayo hakuna jedwali litakalomwambia: aulize siku ya kwanza ajali inaripotiwa kwa nani, bima yake imesajiliwa kwa jina gani, na kama mkataba unamtaja kuwa mwajiriwa au aliyejiajiri. Akiumia, amweleze daktari waziwazi kwamba ni kazini, na ahakikishe limeandikwa hivyo kabla hajatoka hospitalini.